Bukta, Raba na Ushungi: Sitara ya Anayekimbia Baada ya Alfajiri



Msomaji wetu anayeishi Shinyanga mjini, Kahama, Ushirombo, Katoro au Geita bila shaka ameliona jambo hili kwa macho yake. Baada ya Swala ya Alfajiri, kabla milango ya maduka haijafunguliwa, watu wako barabarani wanakimbia. Wamo walimu, wauza duka, mafundi cherehani, wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku migodini, na siku hizi wamo pia akina mama. Wanatafuta afya tu, wala hakuna anayewania medali. Na swali linalowafuata wote, kubwa kwa wadogo, ni moja: nivae nini?

Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo linaloamua nani atoke na nani abaki nyumbani. Mwaka huu kundi la akina mama wa mtaa wetu hapa Kahama lilileta ombi mbele ya kamati ya msikiti. Baadhi yao wameambiwa hospitalini kwamba shinikizo la damu limepanda, wengine kwamba sukari imezidi, na wote wameshauriwa waushughulishe mwili. Waliomba wautumie uwanja wa madrasa baada ya Alfajiri, kwa kuwa barabarani wanaogopa malori na wanaona haya.

Hoja ya kwanza iliyotolewa kikaoni ilikuwa mavazi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba mwanamke akikimbia, nguo humsaliti. Mzee mwingine, rika lake, akamjibu kwa upole: “Mzee mwenzangu, na hawa wajukuu zetu wanaoingia msikitini na bukta zilizoishia mapajani, wao nguo hazijawasaliti?” Kikao kikanyamaza. Hatimaye tukakubaliana kwamba kabla ya kumjibu yeyote, tuyaangalie mavazi ya wakimbiaji wote, wa kiume na wa kike, kwa mizani moja. Makala hii ni tunda la mazungumzo hayo.

Asili ya jambo lenyewe

Kukimbia si ugeni katika dini yetu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Imam Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini naye akamshinda; baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena na Mtume akamshinda. Salama bin Al-Akwa (R.A.) alisifika miongoni mwa maswahaba kwa kasi ya miguu yake. Basi asili ya mbio ni halali, na kinachobaki ni namna ya kuzifanya.

Shirika la Afya Duniani nalo linamshauri mtu mzima apate kila juma angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi makali kama kukimbia. Dakika 75 ni asubuhi 3 za dakika 25. Mtu hahitaji kuacha kazi wala kuchelewesha watoto shule ili azipate.

Sitara ya mwanamume

Tunaanza na wanaume kwa sababu mavazi yao hayasemwi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, sitara ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Bukta nyingi za riadha hukatwa juu sana na kupasuliwa pembeni ili mguu uwe huru. Anayeivaa hiyo peke yake amekwisha kuvuka mpaka kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Tiba yake ni nyepesi. Ipo bukta ndefu ya kitambaa chepesi inayovuka magoti, na ipo suruali ya traksuti isiyobana. Wapo pia wanaovaa skintaiti ndefu ndani na bukta juu yake. Hilo ni zuri, mradi skintaiti isivaliwe peke yake, kwani hufunika ngozi na kuonyesha umbo. Kijana na aipime bukta yake akiwa nyumbani: asimame, ainue goti hadi usawa wa kiuno, kisha atazame nguo imefika wapi. Ama fulana, aipime kwa sijda. Fulana fupi hupanda mgongoni mtu anaposujudu, na walio safu ya nyuma wakaona wasichotaka kuona.

Wengi hutuuliza kama inajuzu kuswali na nguo iliyolowa jasho. Jasho la mwanadamu si najisi, na nguo iliyolowa jasho husihi kuswalia. Lakini adabu ni jambo jingine: anayemaliza mbio na kukuta watu wanaswali, na ajifute, abadili fulana akiweza, asiwaudhi wenzake kwa harufu. Kinachohitaji tahadhari zaidi ni maji machafu ya mitaro yanayoruka kwenye suruali na viatu wakati wa masika. Hayo yaoshwe.

Lipo na hili la maandishi. Fulana za mtumba hutujia na maneno ya lugha tusizozijua. Tumekwisha kuona katika safu ya kwanza ya Alfajiri fulana yenye tangazo la pombe, ikavaliwa na kijana mwema ambaye hakujua alichokibeba mgongoni. Kabla ya kununua, mpe anayeijua lugha hiyo akusomee. Kama hakuna wa kukusomea, chukua isiyo na maandishi.

Sisi watu wa pamba

Kanda yetu ndiyo kitovu cha pamba ya Tanzania, na mtu wa hapa huamini kwamba hakuna nguo iliyo bora kuliko ya pamba. Kwa kutembea na kwa mbio fupi, imani hiyo ina msingi: fulana pana ya pamba ni laini na hupitisha hewa. Lakini pamba hunywa jasho na kulishikilia. Baada ya nusu saa ya kukimbia, fulana huwa nzito, hugandamana na mwili, na mishono yake husugua kwapa na mapaja hadi ngozi ikachubuka. Kwa anayekimbia masafa marefu, kitambaa chepesi cha jezi, kile cha nyuzi za kiwandani chenye vitundu vidogo, hupitisha jasho nje na hukauka upesi.

Panaposuguana, mafuta ya mgando yanatosha. Yapakwe kidogo katikati ya mapaja, chini ya kwapa na kwenye vidole vya miguu kabla ya kutoka. Anayekimbia jua likiwa limepanda avae kapelo na mikono mirefu. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao wana haki ya kukimbia kama sisi sote, wanahitaji kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua. Mafuta ya namna hiyo yanatengenezwa hapa nchini, mjini Moshi, kwa jina la Kilisun.

Raba: kitu cha kwanza cha kutolea fedha

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Habari hiyo hupenda kusimuliwa na wasiotaka kununua viatu. Huwa hawaimalizi: miaka 4 baadaye, mjini Tokyo, Bikila alivaa viatu na akashinda tena. Nasi barabara zetu zina vipande vya chupa, misumari na mawe makali. Mwenye kisukari ndiye asiyepaswa kabisa kwenda peku, kwa kuwa mguu wake waweza kupoteza hisia, kidonda kikaanza asijue. Yeye avae soksi safi zisizo na mshono mnene, akung'ute kiatu kabla ya kukivaa, na azitazame nyayo zake kila arudipo.

Kandambili na katambuga hazifai kukimbilia, kwa kuwa hazishiki kisigino. Buti za kazini nazo ni nzito na ngumu. Kinachotakiwa ni raba, na raba mpya halisi za kampuni kubwa za nje bei yake huweza kuzidi kipato cha mwezi cha familia nyingi za hapa. Zilizo mpya na rahisi mno mara nyingi ni feki: nje zinang'aa, ndani soli ni ngumu kama ubao. Kwa mwenye kipato cha kawaida, raba halisi ya mtumba iliyochaguliwa kwa makini humfaa kuliko feki mpya.

Uchaguzi wenyewe una utaratibu wake. Nenda mnadani mapema, belo linapofunguliwa, au nenda alasiri ukiwa umechelewa, kwani miguu huvimba kidogo mchana na kiatu kitakachokutosha saa hizo hakitakubana asubuhi. Vaa soksi zile utakazokimbia nazo. Weka raba juu ya ubao ulionyooka uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, aliyeivaa kwanza aliikunja kwa mwendo wake, nayo itakukunja goti. Bonyeza kwa kidole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na kiatu. Ikirudi upesi ina uhai. Ikibaki na mikunjo na ugumu, imekwisha. Ikunje: kiatu kizuri hujikunja sehemu ya vidole, si katikati ya wayo. Mwisho, ukishaivaa, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Wataalamu wa viatu hukadiria kwamba raba ya kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 15 kwa juma huzifikisha 750 kwa majuma 50, yaani karibu mwaka mzima. Raba ya mtumba imekwisha kula sehemu ya umri wake, basi magoti yakianza kuuma bila sababu, itazame raba kabla ya kumtafuta mganga.

Pia zingatia udongo. Wazee wa Kisukuma waliupa kila udongo jina lake. Luseni, ule wa kichanga ulio juu kwenye miteremko, hupitisha maji na ni rafiki wa miguu. Mbuga, ule mweusi wa mabondeni, ukinyeshewa hung'ang'ania soli hadi kila mguu ukawa mzito kama jembe lenye tope. Wakati wa mvua, kimbilia juu. Raba ikilowa, toa kamba, jaza magazeti ndani, uianike kivulini, kwani jua kali hukausha gundi na soli ikabanduka. Ila gazeti hili lina aya za Qur'an na majina matukufu. Tafuta karatasi nyingine.

Vazi la mama na binti

Hapa ndipo wengi hudhani hakuna ufumbuzi, na ndipo fundi cherehani anapofaa. Mwaka 2006, katika Michezo ya Asia iliyofanyika Doha, Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mbio za mita 200 akiwa amejifunika kichwa na mwili. Mwaka 2012 mjini London, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 akiwa amejistiri. Alimaliza wa mwisho, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Ikiwa vazi la sitara linawezekana mbele ya dunia nzima, litashindikanaje katika uwanja wa madrasa?

Vazi tunalolipendekeza ni la vipande 3. Cha kwanza ni suruali pana ya kitambaa chepesi, yenye mpira kifundoni ili isiburute chini na kumwangusha. Cha pili ni gauni fupi pana la mikono mirefu, linalofika magotini au chini kidogo, lililopasuliwa pembeni kuanzia juu ya goti ili hatua iwe huru. Kwa kuwa suruali iko ndani, mpasuko hauonyeshi kitu. Cha tatu ni ushungi ulioshonwa tayari kwa kitambaa cha kuvutika, wa kuingiza kichwani na kushuka hadi kufunika kifua. Usifungwe kwa pini. Pini ikifunguka mtu anapokimbia huchoma shingo, na mtandio mrefu ulioachwa ukipepea waweza kunaswa. Baibui la kawaida, kwa urefu na upana wake, si la kukimbilia. Ni la kuvaa juu wakati wa kwenda na kurudi.

Tuseme na hili bila kuona haya, maana dini yetu haioni haya kufundisha. Mwanamke anayekimbia anahitaji sidiria ya michezo inayoshika vyema, kwa ajili ya sitara na kwa kuepuka maumivu. Hiyo isinunuliwe mtumba: nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa sababu za kiafya. Baba wa familia anayepanga bajeti ailipie hiyo mpya, na raba ndiyo iwe ya mtumba.

Kuonekana na dereva

Jua la kwetu huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam kwa zaidi ya dakika 20. Anayetoka msikitini baada ya Alfajiri hukuta giza, na barabara ya kutoka Isaka kwenda Lusahunga, inayopita hapa Kahama, haina usiku: malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita wakati wote, na bodaboda nazo zimo. Nguo nyeusi katika giza hilo, iwe traksuti ya kijana au baibui la mama, humficha mvaaji kwa dereva hadi dakika ya mwisho.

Basi vazi la juu liwe jeupe au la rangi ya kung'aa, na juu yake kivaliwe kile kizibao cha kuakisi mwanga ambacho waendesha bodaboda na watu wa migodini hukiita reflekta. Fundi anaweza pia kushona utepe wa kuakisi mwanga kwenye mgongo wa gauni na kwenye vifundo vya suruali, kwani mguu unaochezacheza huonekana haraka kuliko mgongo uliotulia. Kimbia upande wa kulia wa barabara ukiyatazama magari yanayokuja. Usizibe masikio kwa vipokea sauti, hata kama unachosikiliza ni mawaidha. Mfukoni weka karatasi yenye jina lako, namba ya simu ya ndugu yako na ugonjwa ulio nao, kama upo.

Nguo za mgodini zisikimbilie

Jambo la mwisho linahusu hasa nyumba za wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na maeneo mengine ya ukanda wa dhahabu. Wapo vijana wanaokimbia na fulana au ovaroli walizofanyia kazi, kwa hoja kwamba zitachafuka tu. Nguo iliyoshinda kwenye karasha imebeba vumbi la mawe ambalo likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Nguo iliyoshinda mwaloni, penye kuchenjuliwa dhahabu, yaweza kuwa imebeba zebaki. Ukiingia nayo nyumbani, mtoto anayekukimbilia kukukumbatia huvuta kile kile unachokikwepa kazini. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na zisichanganywe na za mazoezi wala za swala. Aidha, usikimbie jirani na makarasha ukidhani kitambaa ulichofunga puani kitakulinda. Vumbi lile ni laini mno, hupenya kitambaa. Badili njia.

Uamuzi wa kamati

Baada ya kuyapima hayo yote, kamati imeridhia uwanja wa madrasa utumiwe na akina mama siku 3 kwa juma, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, kwa saa moja baada ya Swala ya Alfajiri, na ufunguo wa lango utashikwa na mmoja wao. Fundi wa mtaani ameonyeshwa vazi la vipande 3 na amekubali kulishona. Kwa upande wa wanaume, vikoi 6 vimewekwa kwenye kigingi karibu na mlango wa msikiti. Anayetoka mbioni na bukta isiyofika magotini atajifunga kimoja, ataswali, na atakirudisha. Yule mzee aliyetoa hoja ya kwanza ndiye aliyevinunua.

Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Ufaransa iliwazuia wanariadha wake wa kike kuvaa hijabu. Hapa kwetu hakuna sheria inayomzuia binti yetu kukimbia na ushungi wake. Kinachoweza kumzuia ni maneno ya barazani na mkono mzito wa mwenye nyumba. Baba ambaye kila msimu hununua jezi mpya ya Simba au Yanga, na akaivaa akiwa ameketi, ana uwezo wa kumnunulia mkewe raba moja ya mtumba. Na akiweza, ajinunulie na yeye, watoke pamoja.

Wabillahi tawfiq.